Kioo Kilichosema Kweli: Maisha ya Émile Gallé

Nilipokuwa mwanafunzi mdogo chuoni, kazi yangu ya kila jioni kabla ya magharibi ilikuwa kusafisha chemni za taa. Mwalimu wetu alikuwa na taa mbili za mafuta, nasi wenye mikono midogo ndio tuliotumwa kuingiza kitambaa ndani ya chemni na kusugua masizi mpaka kioo king'ae. Siku moja chemni ikaniponyoka, ikavunjika. Nikangojea bakora, lakini mwalimu, Mungu amrehemu, hakunipiga. Aliniambia niokote vipande vyote, kisicho kimdhuru mtu, kisha akatusomea ile aya ya Sura ya Nuru inayotaja taa iliyomo ndani ya kioo, akatufasiria mpaka ikaadhiniwa isha. Tangu siku hiyo sijaweza kukitazama kioo kama bidhaa ya dukani tu.

Miaka mingi baadaye nilikwenda London kumzuru ndugu yangu, na siku moja ya mvua nikaingia katika jumba la makumbusho la Victoria na Albert, lililoko South Kensington. Humo niliziona taa za misikitini zilizotengenezwa Misri na Sham zama za Wamamluki, karne ya 13 na ya 14. Zimetiwa rangi ya buluu na maji ya dhahabu, na nyingi za taa za namna hiyo ziliandikwa aya ile ile niliyosomewa utotoni. Nilisimama nikizisoma herufi zake kwa sauti ya chini huku watu wakinipita. Katika jumba hilo hilo nikakutana na vyombo vya kioo vya Mfaransa mmoja, navyo pia vilikuwa na maua, wadudu na maandishi. Nilipotafuta habari za fundi huyo, nikajua kuwa yeye naye aliwahi kufika katika jumba hilo mwaka 1871, akiwa kijana wa miaka 25, kutazama kazi za mafundi wa kale wa nchi mbalimbali. Jina lake ni Émile Gallé. Leo, msomaji mpenzi, nataka tumzungumze mtu huyu, kwani maisha yake yana jambo linalotuhusu sisi tunaoishi kwa kalamu na sisi tunaoishi kwa biashara.

Gallé alizaliwa tarehe 4 Mei 1846 katika mji wa Nancy, jimbo la Lorraine, mashariki ya Ufaransa. Baba yake, Charles, alikuwa mfanyabiashara wa vyombo vya kauri na vya kioo. Mama yake, Fanny Reinemer, alitoka katika nyumba iliyokuwa ikiuza vioo mjini humo. Basi mtoto alikulia dukani, kama walivyokulia watoto wengi wa Mombasa na Lamu, akizijua bei na tabia za wateja kabla hajajua hesabu za shuleni. Baba hakuwa na tanuri lake mwenyewe la kioo. Alivipa kazi viwanda vya watu wengine, kisha akauza vyombo vilivyopambwa kwa nakshi alizozichagua.

Kijana huyu alipenda vitu viwili kuliko vyote: mimea na mashairi. Alizunguka misituni na mabondeni akikusanya majani na maua, akayajua kwa majina yao ya kitaalamu, hata baadaye akawa mmoja wa nguzo za chama cha wakulima wa bustani cha Nancy na kuandika makala juu ya mimea ambayo wataalamu waliisoma kwa heshima. Baba alimpeleka Weimar, Ujerumani, akajifunze zaidi. Kisha akaenda Meisenthal, kijiji cha mafundi wa kioo katika milima ya Lorraine, akakaa karibu na tanuri kusoma siri za moto na za rangi.

Mwaka 1870 vita vikazuka baina ya Ufaransa na Prussia, naye akajitolea kuwa askari. Ufaransa ilishindwa. Mwaka 1871 Alsace na sehemu ya Lorraine zikachukuliwa na Wajerumani, Meisenthal ikiwemo, na Nancy ikabaki upande wa Ufaransa, karibu na mpaka mpya. Jeraha hilo halikumtoka Gallé maisha yake yote. Mwaka 1875 alimwoa Henriette Grimm, binti wa kasisi wa Kiprotestanti kutoka Alsace, wakajaliwa mabinti wanne. Mwaka 1877 baba alimkabidhi biashara yote.

Kabla hatujaendelea, yafaa nieleze jinsi kioo kinavyofanywa, maana wengi wetu tunakijua kimekwisha kuwa bilauri. Asili yake ni mchanga safi. Mchanga huchanganywa na chumvi ya jamii ya magadi, na kwa kioo kizito king'aacho huongezwa risasi. Hutiwa tanurini, katika moto unaozidi digrii elfu moja, mpaka mchanganyiko uwe mzito kama asali. Fundi huchovya ncha ya mrija mrefu wa chuma, akatoa donge linalowaka, akapuliza. Pumzi yake ndiyo inayofanya tumbo la chombo. Huku anapuliza, huku anazungusha, maana akiacha kuzungusha donge hulala upande mmoja. Chombo kikiisha hakiachwi upeponi. Huingizwa katika tanuri jingine la joto dogo, kipoe polepole, ama sivyo hupasuka chenyewe juu ya rafu pasi na mtu kukigusa.

Kazi hii ilikuwako tangu zamani, na mafundi wa Sham waliifikisha mbali Ulaya bado ikijifunza. Gallé alianza kwa kujifunza kwao. Katika miaka ya 1870 na 1880 alitengeneza vyombo vilivyopambwa kwa rangi za kuchomwa juu ya kioo, kwa kufuata namna ya mafundi wa Misri, Sham na Uajemi. Katika maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1878 alionyesha pia kioo chenye weupe wa samawati hafifu, kilichopata rangi yake kwa kutiwa kobalti kidogo, akakipa jina la mbalamwezi. Watu wakaanza kuuliza huyu ni nani.

Lakini hakutaka kubaki mwigaji. Alianza kukivika kioo kimoja kanzu ya kioo kingine: cheupe ndani, cha manjano juu yake, cha zambarau juu zaidi. Kisha kanzu hizo zikachongwa kwa gurudumu dogo, au zikaliwa na asidi kali pale pasipopakwa kinga, mpaka ua likatokeza kwa rangi moja na jani kwa rangi nyingine. Povu na ufa, ambavyo fundi mwingine angeviona ila na kuitupa kazi, yeye aliviacha kwa makusudi viwe ukungu wa asubuhi au matone ya mvua. Mwaka 1898 akapata hati ya serikali ya kulinda ufundi mwingine. Sisi wa pwani tunajua kutia njumu katika viti na masanduku. Gallé alitia njumu katika kioo. Vipande vya kioo cha rangi, vikiwa vya moto, vilibandikwa juu ya chombo kilicho laini bado, vikagandamizwa mpaka vikazama, na kila kipande kilikitaka chombo kirudi motoni tena. Rangi mbili zisizopatana katika kupoa huvutana, chombo kikavunjika. Kazi ya wiki nyingi iliweza kuwa vigae asubuhi moja.

Jambo lililonivuta mimi zaidi ni kwamba aliandika mashairi juu ya vyombo vyake. Alichagua beti za washairi wa Ufaransa kama Victor Hugo, Baudelaire na Verlaine, akazitia nakshi katikati ya majani na mawimbi, na vyombo vya aina hiyo vikaitwa vioo vinavyosema. Mtu aliyezoea kuona aya na beti zikichongwa juu ya vizingiti vya milango ya pwani hatashangaa sana. Watu wa Paris walishangaa.

Katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1889 alipata tuzo kuu kwa kazi za kioo, na nishani za vyombo vya udongo na samani pia, kwani alikwisha kuanza kutengeneza meza na makabati. Louis Pasteur, yule mwanasayansi aliyetafuta chanjo ya kichaa cha mbwa, alipotimiza miaka 70 mnamo 1892, Gallé ndiye aliyeagizwa amtengenezee kikombe cha heshima. Alikichora viini vya maradhi na mbwa mwenye kichaa, mambo ambayo mteja wa kawaida asingependa kuyaona mezani pake.

Mwaka 1894 akajenga tanuri lake mwenyewe mjini Nancy. Hapa ndipo tuitazame biashara yake kwa macho makavu. Vyombo vya pekee, vile vya kuchongwa kwa miezi, vilikuwa vichache na bei yake ilikuwa ya mabwana wakubwa. Hivyo visingeweza kulisha mamia ya wafanyakazi. Kwa hiyo alitengeneza pia vyombo vingi vya bei nafuu, vilivyochorwa kwa asidi, nakshi moja ikirudiwa mara nyingi. Wako waliomlaumu kuwa ameuza jina lake. Yeye aliona fahari kuwa karani au mwalimu wa shule aweze kuweka ua la kioo juu ya meza yake. Tena tuseme kweli: si yeye aliyekuwa akipuliza. Yeye alichora, akatunga, akachagua rangi, akasimama juu ya kazi mpaka imridhishe. Pumzi ilikuwa ya mafundi wake, na jina lililoandikwa chini lilikuwa moja tu, Gallé.

Basi mtu huyu alikuwa na jina, nishani, kiwanda, mke na watoto, na wateja waliokuwa matajiri na wakubwa wa nchi. Hapo ndipo mtihani ulipomjia.

Mwishoni mwa 1894 mahakama ya jeshi la Ufaransa ilimhukumu Kapteni Alfred Dreyfus, Myahudi, kwa kosa la kuwapelekea Wajerumani siri za jeshi. Akavuliwa cheo hadharani, akapelekwa kifungoni katika kisiwa kilichoko karibu na Guiana, Amerika ya Kusini. Ushahidi ulikuwa wa uongo. Mwenye kosa alikuwa afisa mwingine, na wakubwa walipojua walificha ili jeshi lisiaibike. Januari 1898 mwandishi Émile Zola aliitangaza dhuluma hiyo gazetini, na nchi ikagawanyika: ndugu wakahasimiana, marafiki wakaacha kuamkuana.

Nancy ulikuwa mji wa mpakani uliojaa askari na uliojaa uchungu wa vita. Huko kumtetea Dreyfus kulihesabiwa ni kuitukana nchi. Gallé angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angemlaumu, kwani kazi yake ni maua. Hakunyamaza. Alitia sahihi yake pamoja na waliodai kesi irudiwe, akaandika magazetini, akajiunga na Ligi ya Haki za Binadamu iliyoundwa mwaka huo wa 1898. Matajiri wa mji wake wakamgeuzia mgongo. Wateja wakapungua, marafiki wa miaka mingi wakapita upande wa pili wa barabara.

Naomba nisimame hapa kidogo, msomaji, nikiri jambo langu. Nilipokuwa kijana katika gazeti moja ambalo sitalitaja, niliijua kweli ya mtu mnyonge aliyesingiziwa wizi na tajiri wake. Tajiri huyo alikuwa akitupa matangazo ya biashara kila wiki. Niliambiwa nisubiri, nikasubiri. Nikaambiwa nisahau, nikasahau. Wiki ile niliandika shairi zuri juu ya mwezi mwandamo, na watu wakanisifu. Ndiyo maana habari ya Gallé hainipiti hivi hivi.

Yeye alichukua ile ile sanaa iliyompa mkate wake akaitumia kusema. Alitengeneza chombo kikubwa kilichokolea giza, akakiita Watu Weusi. Asidhani mtu kwamba anakusudia rangi ya ngozi. Ni viumbe wa giza, uongo na chuki na ushupavu, wanaochomoza kutoka chini ya ardhi, na juu yake kuna maneno ya mshairi Béranger ya kuwauliza watu hao watokako. Rafiki yake, mchoraji Victor Prouvé, alimsaidia kuichora.

Wala hakuwatetea watu wa nchi yake peke yao. Waarmenia walipouawa kwa maelfu katika dola ya Uthmaniya miaka ya 1890, alipaza sauti, akatengeneza chombo alichokiita Damu ya Armenia. Najua jambo hili laweza kumkereketa baadhi yetu. Lakini sisi ndio tuliofundishwa kuwa haki husimamiwa hata ikiwa ni juu ya jamaa zetu, na mtu yule yule aliyejifunza kazi kwa kutazama taa za misikiti yetu hakuwa adui wa Uislamu. Alikuwa adui wa dhuluma tu, awe nayo mwenye kofia au mwenye tarbushi.

Mwaka 1900 Paris ikafanya maonyesho mengine makubwa. Katika banda lake Gallé alisimamisha tanuri la kioo, na kando yake akatawanya vigae vya vyombo vilivyovunjika. Juu ya tanuri akaandika maneno ya dua ya kale ya Kigiriki, dua ya mafundi wa moto, ambayo maana yake ni kwamba watu wakiwa waovu, waongo na wahaini, basi na vipasuke vyombo, na lianguke tanuri, ili wote wajifunze kutenda haki. Fikiri mfanyabiashara anayeandika laana juu ya bidhaa yake mwenyewe, mbele ya wanunuzi wa ulimwengu mzima! Waamuzi walimpa tuzo kuu tena. Wengi walikuja kuangalia, na si wote walionunua.

Mwaka 1901 aliwakusanya mafundi wa mji wake wa kioo, mbao, chuma na vitambaa wakaunda chama kilichojulikana kama Shule ya Nancy, naye akawa mwenyekiti. Waliokuwa washindani wake, kama ndugu wa nyumba ya Daum, walikuwa ndani ya chama hicho. Lakini mwili ulikwisha kuchoka. Alishikwa na saratani ya damu, na mbele yake alikuwa na muda mfupi.

Kazi zake za mwisho zilielekea baharini. Mwaka 1904 alitengeneza mkono wa mtu, wa kioo, unaoinuka kama kutoka kilindini, umezingwa na mwani, na makombe yameshika vidoleni. Haijulikani kama mkono huo unazama au unaokoka. Mimi niliyezaliwa karibu na maji, niliona picha yake nikakaa kimya kwa kitambo. Mwaka huo huo alikamilisha kitanda alichokiita Alfajiri na Machweo, kilichotiwa njumu ya lulumizi na kioo, na nondo wawili wakubwa wamekunjua mabawa, mmoja kichwani, mmoja miguuni.

Alifariki Nancy tarehe 23 Septemba 1904, akiwa na umri wa miaka 58. Dreyfus alikuwa amepewa msamaha mwaka 1899, lakini msamaha si kutakaswa, kwani husamehewa mwenye kosa. Ilikuwa mwaka 1906 ndipo mahakama ilipotamka kuwa hakuwa na hatia tangu mwanzo. Gallé hakuiona siku hiyo. Aliulipia ukweli bei yote, na risiti ikaja yeye yumo kaburini.

Mjane wake, Bibi Henriette, aliendesha kiwanda kwa miaka kumi baada yake, na kwa muda vyombo vilivyotoka vikawekwa alama ya nyota kando ya jina, ili mnunuzi ajue kuwa mwenye jina hayupo. Huo ulikuwa uaminifu wa biashara wa kupigiwa mfano. Kiwanda kiliendelea mpaka miaka ya 1930 kikafungwa. Leo vyombo vyake vya pekee hugombaniwa minadani kwa fedha nyingi sana, na vya bandia vyenye jina lake vimejaa masokoni, hata mnunuzi asiye na jicho huuziwa uongo uliosainiwa jina la mtu aliyeuchukia uongo. Katika mji wake wa Nancy liko jumba la makumbusho la Shule ya Nancy, na humo kazi zake nyingi zimehifadhiwa.

Wasomaji wapenzi, kioo ni kitu dhaifu, na riziki ya fundi wa kioo ni dhaifu kama bidhaa yake. Ndiyo maana fundi wa kioo ana kila udhuru wa kuogopa mawe. Mimi nilikuwa na udhuru kama huo, nikautumia. Yule mnyonge niliyemnyamazia alikwisha kufa, na sikupata kumwomba radhi. Lakini kila niionapo taa ikiwaka ndani ya kioo namkumbuka yeye, na namkumbuka mwalimu wangu aliyeniambia niviokote vipande vyote, kisibaki kimoja cha kumdhuru mpita njia. Makala haya ni kipande kimoja nilichokiokota.